Siku Kumi za Kavaluku

Kila Alhamisi saa nane mchana, Kaleli aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya banda la mizani ya kahawa, akafungua sanduku la mbao alilolifunga nyuma kwa mpira, na watu wa kambi ya vibarua wakaanza kumletea mbwa na paka wao. Ilikuwa mwaka wa 1956, kwenye shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Kaleli alikuwa dresa wa mifugo, yaani msaidizi wa daktari wa wanyama. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa ng'ombe wa maziwa wa shamba. Hawa wengine aliwatibu kwa hiari yake, na kwa hiyo watu walimpenda.

"Kupe usimkwanyue kwa kucha," alikuwa akisema, huku ameshika sikio la mbwa wa mtu. "Mshike karibu na ngozi, mvute polepole mpaka kichwa kitoke. Na mafuta ya taa usimpake paka hata siku moja. Atajilamba, na akishajilamba amekwisha."

"Na huyu anayeburuza makalio chini?" mtu aliuliza, wengine wakacheka.

"Msicheke. Huyo ana minyoo. Na watoto wenu wanacheza hapo hapo anapoburuza."

Mbithe alikaa mbele sikuzote, kikapu cha kuchumia kahawa mapajani. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili kule Kangundo, lakini alichokisikia kwa Kaleli hakikumtoka. Jirani yake Nafuna, mama mnene kutoka Kimilili aliyekuwa na paka wa kukamata panya, aliacha hata kwenda kwenye mizani. "Ya nini nipange foleni," alisema, "na Mbithe yuko ukuta wa pili?"

Kaleli hakuwa mgeni nyumbani kwa Mbithe. Yeye na Musau, mumewe Mbithe, walibatizwa siku moja kanisa moja. Alipotumwa Ruiru mara ya kwanza, alilala kwao miezi mitatu, nyuma ya pazia la gunia, akila muthokoi wa Mbithe, mahindi ya kukobolewa na maharage, na kumwita shemeji. Baadaye Musau alipata kazi Thika, kwenye kiwanda cha magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, akawa analala huko na kurudi Jumamosi tu. Kaleli ndiye aliyemletea Mbithe mtoto wa mbwa asibaki peke yake. Masikio ya mbwa huyo yalikuwa marefu kupita kiasi, Mbithe akamwita Kavaluku, yaani sungura kwa Kikamba.

Mwaka uliotangulia, Kavaluku alipatwa na homa ya kupe. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai isiyotiwa maziwa. Kaleli aliinua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba, akamwonyesha Mbithe fizi: nyeupe. Alimchoma sindano, kisha akasema, "Mimi nimemaliza yangu, shemeji. Sasa ni wewe. Supu ya maini, kijiko kimoja kimoja. Asipokunywa, mnyweshe." Mbithe alimnywesha siku tano. Siku ya sita mbwa alisimama, miguu ikimtetemeka, akatoka nje kwenda kukojoa mwenyewe, na Kaleli akapiga makofi. "Ungekuwa mwanamume," alimwambia, "ningekuandikisha udresa kesho." Mbithe alilibeba neno hilo moyoni kwa muda mrefu.

Basi ikaja Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, watu wako kanisani, na Mbithe amebaki nyumbani kwa sababu ya jino. Boaz alikuja mlangoni. Boaz alikuwa nyapara. Ndiye aliyegawa mistari ya kahawa asubuhi, na mwanamke aliyemkasirisha alipewa ile ya bondeni yenye mteremko na siafu.

"Musau yuko?" aliuliza. Alijua hayuko.

"Wiki hii hakuja. Atakuja Jumamosi ijayo."

"Basi nipe maji ya kunywa." Akaingiza mguu ndani kabla hajajibiwa, na mkono wake ukausukuma mlango nyuma yake.

Mbithe alirudi nyuma hadi kwenye kitanda. Hakupiga kelele, alikumbuka baadaye, kwa aibu, kwamba hakupiga kelele. Kavaluku ndiye aliyetoka mvunguni. Hakubweka. Alimkamata Boaz chini ya goti, akang'ang'ania, mpaka yule mtu akaangukia nje kwenye vumbi, suruali imechanika na damu inachuruzika hadi kwenye kiatu.

"Huyu mbwa ana kichaa," Boaz alisema alipoweza kusimama. Alisema polepole, kama mtu anayechagua fimbo. "Nitamwambia meneja. Utaona."

Usiku ule Mbithe hakulala. Alipanga kumpeleka mbwa kwa Musau huko Thika, hata kwa miguu kufuata reli. Lakini kulipokucha Jumatatu, alipokwisha kumfunga kamba, alisikia baiskeli nje. Alikuwa Kaleli, na haikuwa Alhamisi.

"Nimeitwa ofisini," alisema. Alimwona mbwa amefungwa shingoni, akaona kikapu kimefunikwa. "Shemeji, usimfiche. Ukimficha, watasema unajua ana ugonjwa. Watamtafuta na bunduki."

"Hana ugonjwa. Unamjua."

"Mimi najua. Karatasi ndiyo haijui." Alichuchumaa, akamkuna Kavaluku nyuma ya sikio. "Sikiliza. Mbwa aliyeuma mtu anafungwa siku kumi. Kama ana kichaa, siku kumi haziishi kabla hakijaonekana. Sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanamtoka, kumeza hawezi, hata maji yanamshinda. Siku kumi zikiisha na bado anakula na kunywa, hakuna mtu duniani anayeweza kusema ana kichaa. Nitamfunga kwenye kibanda nyuma ya josho la ng'ombe. Wewe njoo umtazame kwenye uzio kila jioni. Leo ni ya kwanza. Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi nakurudishia mkononi."

Mbithe alimtazama. Alikuwa mtu yule yule aliyelala nyuma ya pazia lake.

"Kitu kimoja," Kaleli aliendelea, akitoa daftari. "Lazima nijue aliumaje. Mbwa anayeuma mtu anayejipitia njiani ni jambo moja. Mbwa aliyechokozwa ni jambo lingine. Boaz anasema alikuwa anapita."

Mbithe aliutazama mlango. Kisha akamwambia yote: maji ya kunywa, mguu, mlango. Alikuwa hajamwambia mtu, hata Nafuna. Kaleli hakuandika. Alifunga daftari.

"Musau asijue," Mbithe alisema. "Atakuja kupigana, na watamfunga. Nitamwambia mwenyewe, wakati wake ukifika."

"Haitoki hapa," Kaleli alijibu, akigusa kifua chake. "Wewe ni dada yangu."

Jioni ile, na kila jioni iliyofuata, Mbithe alimaliza kupimisha debe lake la mwisho akaenda josho. Alisimama nje ya uzio wa seng'enge, akamwita, na Kavaluku akatoka kibandani kadiri mnyororo ulivyofika. Mbithe hakumtazama kwa mapenzi tu. Alimtazama alivyofundishwa. Je, anabweka sauti ile ile? Taya limefunga? Sahani ya maji imepungua? Siku ya nne alirusha kipande cha ugali, mbwa akakidaka hewani na kukimeza. Mbithe alicheka peke yake pale kwenye seng'enge.

Jumamosi ya siku ya sita Musau alikuja kutoka Thika. Mbithe alimwambia kwamba mbwa alimuuma Boaz akafungwa, basi, hakuongeza. Musau hakuuliza mengi. Alikula, akalala. Jumapili walikwenda pamoja kwenye uzio, na Musau akapiga mluzi, na Kavaluku akaruka kwa furaha mpaka mnyororo ukamrudisha chini. Musau aligeuza uso. "Twende," alisema, "jua ni kali." Mbithe alifikiri amemhurumia mbwa.

Jumatatu, siku ya nane, mbwa alikunywa maji mbele yake mpaka sahani ikabaki tupu.

Jumanne asubuhi, akipita kwenda kwenye mistari, aliona mlango wa kibanda uko wazi. Mnyororo ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari. Chini, pembeni mwa josho, kulikuwa na udongo mpya na juu yake chokaa nyeupe. Kaleli alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo ya dawa.

"Yuko wapi?"

"Shemeji, pole. Jana usiku alianza kutoa povu. Niliamshwa na mlinzi. Hakuna njia, ni sheria."

"Jana jioni alikunywa maji. Nilisimama hapa hapa."

"Ugonjwa huu unageuka haraka."

"Ulisema unaanza na sauti. Ulisema taya. Ulisema—"

"Mbithe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Hakuinua macho kutoka kwenye ndoo. "Nenda kazini. Utapoteza siku."

Alikwenda. Alichuma kahawa siku nzima, mbivu na mbichi pamoja, na kwenye mizani karani akamrudisha kuchambua upya. Hakulia. Alijaribu kuamini. Labda ni kweli, alijiambia. Kaleli amesoma, mimi nimesikia tu. Alijaribu hivyo Jumanne na Jumatano. Alhamisi Kaleli hakuja kwenye mizani, na siku hiyo hiyo Nafuna alileta habari kwamba ile nyumba ya mawe karibu na ofisi, yenye bati jipya, ambayo Boaz ndiye anayepeleka kwa meneja majina ya wanaoiomba, imepata mtu. "Ni dresa wetu," Nafuna alisema. "Mke wake anakuja kutoka kwao. Si ameomba miaka miwili?"

Mbithe aliweka sufuria chini.

Jumamosi Musau alikuja. Alikuta moto haujawashwa.

"Kavaluku ameuawa," Mbithe alisema.

"Najua."

"Nani alikwambia?"

Musau alivua kofia, akaigeuza mikononi. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele, na kwa miaka sita Mbithe alihesabu upole huo kuwa bahati yake. "Kaleli alikuja kiwandani na karatasi," alisema. "Mwenye mbwa lazima akubali. Niliweka dole gumba."

"Alikuja lini?"

"Ijumaa."

"Jana?"

"Ijumaa ile nyingine."

Mbithe alihesabu kwa vidole, mbele yake, bila haraka. Ijumaa ile nyingine ilikuwa siku ya tano. Povu lilisemekana kutoka siku ya nane. Na katikati, Jumapili, Musau alisimama kwenye seng'enge akapiga mluzi.

"Ulikuwa umeshaweka dole," alisema. "Ulipomwita akaruka, ulikuwa umeshaweka dole."

"Kaleli alisema Boaz atakufukuza kazi, na mimi ataniharibia jina kila mahali. Alisema mbwa akiondoka, mambo yatakwisha. Mbithe, ni mbwa."

"Alikwambia kwa nini aliuma?"

Musau aliigeuza kofia tena. Nje mtoto wa mtu alikuwa anasukuma ringi ya baiskeli, ikalia kwenye mawe mpaka ikapotea.

"Musau. Alikwambia?"

"Aliniambia."

Kwa siku kumi na tatu Mbithe alikuwa amelibeba jambo lile peke yake ili mumewe asiumie. Alivumilia jino na maumivu yake, akapita mbele ya Boaz kila asubuhi na kutazama chini, akihofia siku ambayo Musau atajua na kufanya wazimu. Kumbe Musau alijua. Alijua, akapanda basi, akaja, akala, akalala ubavuni mwake, akarudi Thika.

"Ningefanya nini?" Musau aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mbithe alisimama. Alichukua blanketi lake akaenda kulala kwa Nafuna mpaka Musau aliporudi Thika.

Alhamisi iliyofuata Kaleli alirudi kwenye banda la mizani. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari ya mbwa wa kichaa ilikuwa imezunguka kambi yote na kila mtu alitaka kujua wa kwake yuko salama. Meneja mwenyewe alikuwapo, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, amemleta mbwa wake mweusi aliyekuwa akitikisa kichwa kwa ugonjwa wa masikio. Boaz alisimama nyuma ya meneja, ameshika daftari la kazi.

Kaleli alikuwa akitia mafuta ya vuguvugu kwenye sikio la yule mbwa. "Usiingize kijiti," alimweleza meneja. "Tia matone, sugua hapa chini, yeye mwenyewe atautikisa uchafu utoke."

Mbithe alisimama. Kikapu kilimwanguka, hakukiokota.

"Dresa, nina swali. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, anafanya nini?"

Kaleli alimwona, mkono wake ukasimama juu ya sikio. Watu walikuwa wanangoja. "Anaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi," alisema. "Kisha anakwenda hospitali. Anachomwa sindano za tumbo. Kumi na nne, kila siku moja."

"Na asipochomwa?"

"Anakufa."

"Hakuna anayepona?"

"Ugonjwa ukishaingia, hakuna."

"Basi," Mbithe alisema, "naomba mumsaidie nyapara wetu. Mbwa wangu alimuuma mguu wa kushoto. Damu ilijaa kiatu. Mbwa amekufa na kichaa, dresa ameandika kwenye karatasi. Sasa ni siku ya kumi na nane, na Boaz hajaenda hospitali hata siku moja. Mimi namwonea huruma."

Minong'ono ilianza. Meneja aligeuka. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, lakini alikielewa vizuri. "Boaz, wewe ulisema alirarua suruali tu."

"Suruali tu, bwana."

"Pandisha."

Boaz alipandisha suruali. Makovu manne ya meno yalikuwa bado mekundu. Meneja aliyatazama, akamtazama Kaleli, na uso wake ukabadilika rangi. "Kichwa cha mbwa kilipelekwa kupimwa?"

"Nilizika na chokaa, bwana. Kwa haraka."

"Kwa hiyo hakuna kipimo. Wewe uliona kwa macho yako. Mbwa alikuwa na kichaa, au hakuwa?"

Mbithe alimkazia Kaleli macho. Lilikuwa neno moja tu alilolitaka, na kwa muda mfupi alidhani litatoka. Midomo ya Kaleli ilifunguka. Boaz, nyuma ya meneja, alitikisa kichwa kidogo sana.

"Alikuwa nacho, bwana," Kaleli alisema.

"Basi panda lori," meneja alimwambia Boaz. "Sasa hivi."

Boaz alikwenda hospitali ya Thika siku kumi na nne mfululizo, kwenye lori la shamba, katikati ya magunia. Angeweza kusema kweli siku yoyote, kwamba mbwa hakuwa na kichaa. Hakusema, na Kaleli naye hakusema, maana kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake kooni. Siku ya tano Boaz aliacha kufunga mkanda. Siku ya tisa alikuwa akitembea ameinama, mkono tumboni, na wanawake kwenye mistari walinyamaza akipita, kisha wakacheka akishapita. Wengi walikuwa wameanza kuelewa. Nafuna alicheka kuliko wote. Mbithe alijaribu kucheka naye, akashindwa. Aliwaza udongo ule kando ya josho, na ule mluzi.

Msimu wa kuchuma ulipokaribia kwisha, mke wa Kaleli aliwasili. Jina lake Kamene, mwanamke mdogo, mtaratibu, asiyejua lolote. Jioni moja alikuja mlangoni kwa Mbithe amembeba mtoto wa mbwa ndani ya leso, tumbo limevimba kama ngoma.

"Mwaitu, mama, samahani. Mume wangu yuko Juja, na huyu hali tangu asubuhi. Nimeambiwa wewe unajua."

Mbithe alisimama kizingitini. Angeweza kufunga mlango. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeinua mdomo wa yule mdogo kutazama fizi.

"Ni minyoo," alisema. "Asipewe maziwa usiku huu. Maji, kidogo kidogo. Kesho apewe dawa, na mumeo anayo kwenye sanduku. Ya chupa nyeusi. Mwambie kipimo cha mtoto, si cha mkubwa. Na mahali anapoharia pasafishwe kwa maji moto."

"Asante sana. Nikifika nitamwambia ulivyonisaidia. Yeye husema hakuna mtu aliyemsikiliza kama wewe."

"Husema hivyo?"

"Kila mara."

Mbithe alimfunika mtoto wa mbwa kwa ncha ya leso, akamrudishia. Kamene alisubiri kidogo, kama anayetarajia kukaribishwa, kisha akaaga akaenda zake kuelekea nyumba ya mawe.

Jumamosi hiyo Musau alikuta chumba kimefagiwa na nguo zake yeye zote zimekunjwa juu ya kitanda. Mbithe alikuwa amekaa nje na kikapu chake, anangoja basi la saa tisa.

"Naenda kwa mama Kangundo," alisema.

"Utarudi lini?"

"Sijui."

"Nije nikufuate?"

Mbithe alifikiri. Hakuwa na hasira tena ya kupigia mtu kelele, alikuwa amechoka. "Uliniuliza ungefanya nini," alisema. "Nenda ukafikirie. Siku utakayopata jibu, hata kama ni dogo, njia unaijua."

Basi lilikuja limejaa magunia juu. Musau alimpandishia kikapu, akabaki amesimama barabarani na kofia mkononi. Mbithe alipata kiti upande wa pili, ule usiotazama shamba, akakaa.